Malaria ya Massachusetts

Mdogo wangu anaishi Massachusetts, huko Marekani, kwenye mji mdogo wenye miti mingi kuliko watu. Tangu afike alikuwa na hamu ya kuchangia damu, maana kanisani kwao gari la damu huja kupaki nje, na watu wakitoka ibadani wanapanga foleni. Mara ya kwanza walimrudisha. Walimuuliza ametokea wapi, akasema Dar es Salaam, wakamweleza kwamba mtu aliyeishi nchi yenye malaria husubiri miaka 3 tangu aondoke, na katika muda huo asiwe ameugua malaria. Akasubiri kwa adabu zote. Muda ulipotimia akaenda, akatoa, akanitumia picha ya mkono wenye plasta. Haukupita muda ikaja barua: damu yako imekutwa na vimelea vinavyoitwa Babesia, haitatumika, usichangie tena kwa muda usiopungua miaka 2, na tafadhali mwone daktari.

Alinipigia saa saba usiku wa huku, kwake bado jioni. "Dada, malaria ya Mbagala imenifuata mpaka huku!"

Nilicheka mpaka mume wangu akaamka. Malaria ya Mbagala haikuhusika hata kidogo. Kimelea hicho amekiokota hukohuko, pengine kwenye majani marefu nyuma ya nyumba anakolima mchicha wake, kwa kung'atwa na kupe mchanga asiyezidi punje ya ufuta. Yaani walimsubirisha miaka 3 kwa ugonjwa wa kwetu ambao hakuwa nao, wakaja kumkuta na wa kwao.

Nilifanya kosa la kukisimulia kisa hiki kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na tangu hapo maswali hayaishi. Shangazi mmoja ameshatangaza kwamba yeye haongezewi damu hata akipasuliwa. Basi nimeona niandike mara moja, wote wasome. Kwa asiyenijua: mimi ni mtu wa maabara, upande wa damu, kwenye hospitali moja hapa jijini. Ninayoandika ni yangu, mwajiri hayumo.

Babesia inaishi ndani ya chembe nyekundu za damu, palepale wanapoishi vimelea vya malaria. Jina limetokana na Victor Babeș, Mromania aliyeiona kwenye damu ya ng'ombe mwaka 1888. Mwaka 1893 Wamarekani wawili, Theobald Smith na Frederick Kilborne, wakaonyesha kwamba homa iliyokuwa ikimaliza ng'ombe kule Texas inaenezwa na kupe. Wakati huo hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba mbu ndiye analeta malaria, kwa hiyo kwenye kesi hii ya wadudu na homa, kupe alipandishwa kizimbani kabla ya mbu. Kwa binadamu, mgonjwa wa kwanza kuandikwa alikuwa mkulima wa Yugoslavia, mwaka 1957, mtu aliyekwisha kutolewa bandama. Kwa muda ikadhaniwa ni balaa la wasio na bandama peke yao, mpaka mwaka 1969 alipopatikana mgonjwa kwenye kisiwa cha Nantucket, hukohuko Massachusetts, mwenye bandama yake salama.

Watu wengi wenye afya wakiambukizwa hawasikii kitu. Wengine wanapata homa, jasho, uchovu, wanadhani ni mafua, inapita. Na hapo ndipo kichwa kinapowauma watu wa benki ya damu, kwa sababu mgonjwa wa homa hatusumbui sana: haji kuchangia, na akija joto lake linamuumbua. Anayetusumbua ni huyu aliyekunywa chai vizuri, wingi wa damu uko sawa, anapiga picha na bango letu, na ndani amebeba kitu.

Damu yake ikishakaa kwenye chupa inaingia kwenye jokofu la nyuzijoto 2 hadi 6. Baridi hiyo inatusaidia kwa baadhi ya mambo. Vijidudu vya kaswende, kwa mfano, vikikaa humo siku kadhaa vinakufa. Babesia haijali, inaweza kukaa na chupa yako mpaka tarehe ya mwisho ya matumizi, na bado ikamwambukiza mgonjwa. Kuna chujio la kuondoa chembe nyeupe, na kwa vijidudu vinavyojificha kwenye chembe nyeupe, kama Anaplasma ambayo nayo huletwa na kupe, chujio hilo hupunguza hatari ingawa haliimalizi. Kwa Babesia halina msaada. Babesia imo ndani ya kilekile unachotaka kumpa mgonjwa.

Na mgonjwa mwenyewe ni nani? Ni mtoto njiti, ni mzee, ni aliyetolewa bandama. Kwetu niongeze wagonjwa wa selimundu, ambao bandama zao huharibika tangu utotoni na ambao ni wateja wetu wa kudumu. Bandama ndiyo inayochuja chembe zilizobeba vimelea. Asiye nayo akiingiziwa Babesia hapati mafua, anaweza kupata ugonjwa wa kuua.

Wamarekani hawakuanza na mashine. Walianza na kuhesabu. Walirudi kwenye mafaili wakakusanya visa vya watu walioambukizwa Babesia kwa kuongezewa damu kuanzia 1979 hadi 2009, wakapata 162. Kwa miaka yote hiyo, nchi kubwa namna ile, mtu angeweza kusema ni visa vichache, tuendelee na mengine. Wao wakaona vingi vimerundikana kwenye majimbo yaleyale ya kaskazini mashariki na yale ya juu katikati, wakaanza kupima damu huko. Kati ya mwaka 2012 na 2014 walipima chupa 89,153 kutoka majimbo manne na kukuta 335 zina dalili za Babesia. Chupa zilizopimwa na kuonekana safi hazikumwambukiza mtu. Katika zile ambazo hazikupimwa, kwenye majimbo hayohayo na muda huohuo, wagonjwa waliendelea kupatikana. Mwaka 2019 mamlaka yao ya chakula na dawa ikatoa mwongozo: damu ya majimbo 14 pamoja na mji mkuu wao, Washington, ipimwe kwa kipimo cha vinasaba. Mdogo wangu amenaswa na nyavu hiyo, na mimi nimefurahi kwamba amenaswa, ingawa yeye hajafurahi.

Sasa turudi nyumbani.

Hapa Tanzania, tangu Mpango wa Taifa wa Damu Salama uanze mwaka 2004, damu ya kuongezewa inapimwa UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Hivyo vinne ndivyo vinavyotuua kwa wingi kupitia damu, na kuvipima kila chupa, kila siku, nchi nzima, si kazi ndogo. Vya kupe havimo. Je, vipo kwenye damu zetu? Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti mdogo wa majaribio kutoka wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ambako walipima damu za watoto wadogo wakitafuta Babesia microti, ileile ya Massachusetts, sambamba na malaria. Wapo watoto waliokutwa na kingamwili. Lakini kingamwili ni ushahidi wa kusikia: mtoto aliyeugua malaria mara nyingi anaweza kuwa na kingamwili zinazodanganya kipimo cha Babesia, kwa sababu vimelea hivi viwili wana undugu. Kwa hiyo utafiti ule umefungua mlango, haujaingia ndani. Ajabu yangu ni kwamba mlango wenyewe umefunguliwa kilomita zisizofika 300 kutoka Posta, na hapa mjini sijasikia mtu akiuzungumzia.

Sababu naijua. Sisi homa zote tumeshazipa jina moja. Kuna utafiti wa Moshi, 2007 hadi 2008, watoto na watu wazima 870 waliolazwa na homa kali. Madaktari waliwaandikia malaria 528. Vipimo vya uhakika vilipofanyika, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Rudia kusoma, sijakosea tarakimu. Waliobaki walikuwa na mambo mengi, na mengine yanatoka moja kwa moja kwenye mifugo na wadudu wake: homa ya Q, homa ya panya, na homa za Rickettsia ambazo kupe huzieneza, hizo za Rickettsia peke yake zilikuwa karibu asilimia 8 ya wale waliopimwa kuzitafuta. Hapa Dar es Salaam na Ifakara nako walifuatilia watoto 1,005 wa nje, wasiolazwa, utafiti ukachapishwa mwaka 2014. Malaria ilikuwa kwa karibu mtoto 1 kati ya 10. Wengi walikuwa na virusi vya njia ya hewa, kitu ambacho bibi yangu angekitibu kwa uji na subira.

Kipimo cha haraka cha malaria kimetusaidia sana kuacha kugawa dawa mseto kama njugu, na sitaki mtu aje kwenye maoni kuniambia nakipinga. Nakipenda. Lakini kipimo kile kinatafuta protini ya malaria na hakina habari na kitu kingine. Ukiwa na Babesia, kinasema hamna. Ukiwa na Borrelia, kijidudu cha homa inayoletwa na papasi, kinasema hamna, na daktari anaandika antibayotiki yoyote iliyo karibu, na wewe unarudi nyumbani. Slaidi, kile kioo chenye tone la damu la kutazamwa kwa hadubini, haina tabia hiyo. Slaidi haikuulizwa swali moja. Kila kilichomo kwenye tone la damu kinapakwa rangi na kukaa pale kikisubiri mtu mwenye macho na muda.

Nilipokuwa fildi mkoani Dodoma, kabla sijaajiriwa, nilimkuta maabara mzee mmoja wa Kigogo tuliyekuwa tunamwita Babu. Alikuwa amekaribia kustaafu, anavaa miwani iliyofungwa uzi. Mimi nilitoka chuoni najiona najua: unaweka tone nene, huligandishi kwa methanoli ili maji ya rangi yapasue chembe nyekundu na vimelea vibaki wazi, unamimina rangi ya Giemsa, unasubiri, unaosha, unakausha, unaweka tone la mafuta, unahesabu uwanja mia moja kabla ya kuthubutu kuandika "hakuna". Nilimpelekea slaidi ya mama mmoja mjamzito nikasema Babu, hii haina kitu. Akaitazama muda ule wa kumeza mate. Akasema, "Mwanangu, wewe unaangalia nyumba za watu tu. Angalia na njiani."

Nikarudi kwenye lenzi. Katikati ya mabaki ya chembe, kwenye nafasi tupu ambazo jicho langu lilikuwa linaziruka, kulikuwa na nyuzi. Nyembamba sana, zambarau iliyofifia, zimejikunja mikunjo mikubwa isiyolingana, nyingine moja moja, nyingine zimesokotana mbili tatu. Ukizungusha skrubu ya kufokasi kidogo zinapotea, ukirudisha zinajitokeza. Zilikuwa nyingi. Nilikuwa nimezipita zote nikitafuta pete za malaria.

Ile ndiyo homa ya papasi. Papasi si kupe wa kung'ang'ania ngozi siku nzima. Huyu ana ngozi laini ya kijivu, anaishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, anatoka usiku, anakunyonya kama nusu saa ukiwa usingizini, anarudi zake. Anaweza kukaa miaka bila kula. Homa yake inakuja kali siku kadhaa, inaondoka, unasema nimepona, baada ya wiki hivi inarudi, kwa sababu kijidudu kinabadilisha koti lake na mwili unaanza upya kukitambua. Wajawazito wanapoteza watoto kwa ugonjwa huu. Dawa zake ni za kawaida kabisa, doksisaiklini, penisilini, eritromisini kwa mjamzito, ila dozi ya kwanza lazima mtu awe chini ya uangalizi, maana vijidudu vikifa kwa mpigo mgonjwa anaweza kuzidiwa ndani ya saa chache. Yule mama alipona. Mtoto naye alizaliwa salama, nilikuja kuambiwa.

Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha kazi ya watafiti waliokuta hukohuko Dodoma aina ya Borrelia iliyokuwa haijatambuliwa kabla, kwenye papasi na kwenye damu za watoto, wakiwemo watoto wasio na homa yoyote. Kwa mtu wa benki ya damu hayo maneno "wasio na homa" yanatosha kumkosesha usingizi. Visa vya homa ya aina hii kuhamia kwa mgonjwa kupitia damu ya kuongezewa vimeshaandikwa kwenye vitabu vya tiba.

Mnaweza kusema Dodoma ni Dodoma, Dar kuna sakafu za vigae. Sawa. Nisimulie ya karibuni.

Alikuja kijana kumchangia dada yake aliyejifungua kwa upasuaji. Ndugu mbadala, ndivyo tunavyowaita, na siku ambazo jokofu limekauka hao ndio wanaookoa jahazi. Kilo zinatosha, shinikizo zuri, wingi wa damu wa kuonea wivu. Anafanya kazi mnada wa Pugu, kushusha ng'ombe kwenye malori. Nikamuuliza kama ameugua karibuni.

"Homa ndogo ndogo tu, dada. Inakuja, inakwenda."

"Ulipima?"

"Nilipima mara mbili, wanasema sina malaria. Nikameza mseto hivyohivyo, si unajua."

Najua. Nikaacha dodoso pembeni. "Kabla ya hiyo homa ulikuwa wapi? Ulilala wapi?"

Akaniangalia kwa mashaka, nadhani alidhani nataka kumuuliza ya wanawake, maana hayo nayo tunauliza. Akasema alikwenda kwao, Mpwapwa, kumzika bibi. Matanga. Wanaume walilala chini, kwenye tembe la zamani la marehemu ambalo lilikuwa limefungwa muda mrefu. "Tuliamka tumevimba vipele wote."

Sikuchukua damu yake. Nilimtengenezea slaidi, nikakaa nayo mwenyewe, sikuona kitu, na sikutegemea kuona, kwa sababu siku ile hakuwa na homa, na homa ikishuka vijidudu vinapungua mpaka hadubini haivioni. Nikampa karatasi ya kwenda kwa daktari, nikamwambia homa ikirudi tu, siku hiyohiyo, aje tumpime. Alikasirika. Dada yake yuko wodini, na mimi namwambia habari za bibi na vipele. Shemeji yao ndiye aliyetoa badala yake. Kijana hakurudi kwangu, labda alipata tiba kwingine.

Dodoso la kwetu linauliza mengi na linauliza vizuri: homa, dawa, chanjo, kuchanjwa chale, upasuaji, wapenzi. "Umelala wapi" halimo. Ni swali la bure, halihitaji umeme wala kitendanishi, na lingetufaa kuliko mashine yoyote ninayoweza kuiota.

Mimi naishi Gongo la Mboto, kwa hiyo Pugu ni jirani. Ng'ombe wanashuka pale kutoka Dodoma, Singida, Shinyanga, Manyara, halafu wengi wanaishia machinjio ya Vingunguti. Mwaka huu shemeji yangu alinikokota safari ya mnadani kutafuta dume la harusi, na wakati yeye na dalali wanavutana bei mimi nilikuwa nachungulia ng'ombe masikio. Mle ndani kuna kupe wadogo wa kahawia wamepangana mpaka kwenye tundu: hao ndio wa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe ambao haumpati mtu. Nikainama chini ya mkia. Pale kulikuwa na wengine, wakubwa, mgongo umepambwa madoa ya rangi ya machungwa, miguu ina pete nyeupe. Ukimsahau alivyo, ni mdudu mzuri. Huyo, Amblyomma, ndiye anayebeba Rickettsia africae, homa wanayorudi nayo watalii wa mbugani na kidonda cheusi mguuni, na ambayo mtalii akifika kwao inaandikwa kwenye majarida, ila mchunga ng'ombe akiipata hapa anaambiwa ni uchovu.

Dogo mmoja alikuwa anawang'oa kwa vidole na kuwaminya kwa kucha. Damu imejaa kidole gumba. Nilimwambia aache, akacheka. Lakini jirani zetu Uganda wamekuwa wakipata visa vya homa ya Crimea na Kongo, ya virusi, ya kutoka damu, na hiyo inaambukiza kwa kupe na pia kwa kugusa damu ya mnyama au mgonjwa. Kupe hang'olewi kwa kuminywa, wala kwa mafuta ya taa, wala kwa njiti ya kiberiti. Mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu, nawa.

Nitoke kidogo nje ya njia. Robert Koch, yule Mjerumani wa bakteria wa kifua kikuu, alifanya kazi hapahapa Dar es Salaam. Mwaka 1898 aliangalia damu ya ng'ombe wa hapa akaona vimelea vidogo ndani ya chembe nyekundu, akaamua ni umbo changa la ile homa ya Texas. Havikuwa hivyo. Vilikuwa vya ndigana kali, ugonjwa tofauti kabisa. Alirudi Afrika Mashariki mwaka 1905, safari hiyo akashughulika na papasi wa kwenye vibanda vya kupumzikia misafara, akakuta vijidudu vya homa hata ndani ya mayai yao, yaani papasi anazaliwa tayari anacho. Mwaka huohuo Joseph Dutton, Mwingereza, alikufa Kongo kwa homa hiyohiyo aliyokuwa akiichunguza, na kijidudu kikapewa jina lake, Borrelia duttonii. Namtaja Koch kwa sababu moja: mwenye macho bora kuliko wote wa zama zake aliitazama slaidi ya Dar es Salaam na kuitafsiri visivyo. Kwa hiyo ninapodai slaidi zirudi, najua zinahitaji watu waliofundishwa, na watu hao tunawapoteza. Vijana wanaokuja fildi kwangu sasa wanaendesha mashine kubwa bila wasiwasi, ila ukiwapa tone nene wanalishika kwa woga.

Je, nataka tununue kipimo cha vinasaba cha Babesia kama Massachusetts? Hapana. Fedha hiyo ikipatikana leo, mimi nitainunulia magari ya kukusanyia damu na majokofu. Mama anayetoka damu baada ya kujifungua anauawa na chupa ambayo haipo, haraka kuliko kimelea kilichomo kwenye chupa iliyopo. Na kama ni kimelea, basi malaria yenyewe, inayopita kwenye damu ya kuongezewa kirahisi, inatakiwa itangulie kwenye foleni. Ninachotaka ni kile Wamarekani walichoanza nacho: kuhesabu. Chukueni sampuli za wachangiaji wa Kanda ya Mashariki, zile ambazo zimeshapimwa na kubaki, ziulizwe maswali haya ya kupe na papasi kwa vipimo vya uhakika. Ikitoka sifuri, tutalala. Ikitoka vinginevyo, tutajua tuanzie wilaya ipi. Na mgonjwa wa selimundu akipata homa wiki chache baada ya kuongezewa damu na kipimo cha haraka kikasema hamna, mtu asogeze kiti, aketi na slaidi yake.

Kwa wanaouliza kuhusu kuchangia: njooni. Umri miaka 18 hadi 65, kilo 50 kwenda juu, mwanaume kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Kituo cha Kanda kiko Mchikichini, na timu zinazunguka. Kama umetoka kijijini karibuni na ulilala chini kwenye nyumba ya udongo ukaamka na vipele, kama umeng'oa kupe mwilini, kama una homa ya kuja na kuondoka, mwambie anayekuhoji hata kama hajakuuliza. Ukiambiwa usubiri, usinune.

Na nyie wenzangu wa maabara mnaosoma hapa kimyakimya: ukikutana na slaidi yenye pete ambazo hazikai kama malaria, ndogo kwa kubwa zimechanganyika, hazina ile rangi ya kahawia inayoachwa na malaria, nyingine ziko nje ya chembe, au ukabahatika kuona nne zimeungana kama msalaba, usiifute. Ifunike, iandike tarehe, piga picha kwa simu kupitia lenzi, utume kwangu bila jina la mgonjwa. Nyuzi za njiani nazo nazipokea.